Salamu za Taa

Nilipokuwa bado mtoto wa kutumwa chumvi kwa jirani, kule Kindu, taa nyumbani kwetu haikuwashwa kimyakimya. Jua likishazama, mama alileta taa ya mafuta, akasema bismillahi, na wote tuliokuwa ndani tukapeana mikono: "Masalkheri." Mdogo ndiye aliyemwanza mkubwa. Aliyelala aliamshwa, na aliyekuwa jikoni alikuja na unga mikononi. Msimamizi wa sheria hiyo alikuwa Mama Mukubwa, dada yake mama, na sababu yake ilikuwa moja tu: taa isiyosalimiwa hukasirika, na watu waliokaa chini yake lazima wagombane.

Sheria hii haikumsumbua mtu mpaka baba, aliyefanya kazi kwenye reli, alipoingiziwa umeme. Balbu moja ilining'inizwa sebuleni. Tulidhani Mama Mukubwa angeisamehe. Aliitazama, akasema, "Inaangaza? Basi njo taa," yaani hiyo ndiyo taa. Sasa, mashine ya umeme ya mji wetu enzi zile za Zaire ilikuwa na tabia zake, ilizima na kuwaka ilivyopenda. Kila ikiwaka, tulisalimiana upya. Kulikuwa na jioni tulizopeana mikono mpaka tukachokana.

Jioni ninayoikumbuka kuliko zote ni ile ya posa ya dada yangu Zaina. Saidi, kijana aliyemtaka, aliletwa na baba yake mkubwa, Mzee Assumani wa Kalima, aliyevaa abakosti, ile suti isiyo na tai ya enzi hizo, iliyopigwa pasi hadi ikamzuia kuketi vizuri. Zaina alikaa chumbani nyuma ya pazia, kama desturi. Alimpenda Saidi, hilo hata kuku wetu walilijua. Lakini alikuwa amebakiza mwaka mmoja wa shule, na Mzee Assumani alitaka bibi harusi aende Kalima mara moja.

"Mwanamuke akishapata bwana, masomo ya nini tena?" alisema.

Baba akakunja uso. "Mutoto wangu atamaliza."

"Basi tutatafuta pengine."

"Mulango iko wazi."

Hapo umeme ukakatika. Tulikaa gizani tukisikia wazee wawili wakihema kwa hasira. Nilitaka kulia kwa ajili ya dada yangu. Kisha balbu ikawaka.

"Taa imekuya," alisema Mama Mukubwa kwa utulivu. "Tusalimiane."

Mzee Assumani alicheka kwa dharau. "Mama, kwetu Kalima kuran ya taa iko usiku kucha, na hatuisalimiake."

"Njo maana munagombana," akajibu, akamnyooshea mkono.

Mgeni gani ataukataa mkono wa mama mtu mzima? Aliushika. Baba naye, kwa kuwa Mzee Assumani alimzidi umri, ilibidi ainuke na kumwanza yeye. Mimi nilizunguka na sinia la kahawa mkono mmoja, nikisalimia kwa mwingine na kumwaga kwa yote miwili. Na kwa sababu sheria iliwahusu wote waliomo ndani, Zaina alitoka nyuma ya pazia, macho chini, akasalimia kila mtu, Saidi wa mwisho, akarudi.

Wakaanza tena. Sauti zikapanda, umeme ukazima, ukawaka, mikono. Ikawa hivyo tena na tena. Ni kazi kumtukana mtu ambaye kiganja chake umekiachia sasa hivi. Saidi aliikodolea macho balbu akiiombea izime. Zaina naye, kila akitoka, alikawia kidogo zaidi kurudi.

Mwishowe, Zaina alipomfikia, Mzee Assumani hakumwachia mkono.

"Weye mwenyewe unataka nini, mama?"

Hakuna aliyekuwa amemuuliza, hata sisi.

"Namutaka Saidi, baba. Na nataka nimalize masomo."

"Vyote viwili?"

"Vyote viwili."

Mzee akamgeukia Saidi. "Na weye utangoja?"

Saidi aliitikia upesi hata kabla ya swali kwisha, na Mama Mukubwa akacheka mpaka akakohoa.

"Basi atangoja," Mzee Assumani akamwambia baba. "Sasa tuache twende, taa haiyazima tena. Mukono unaniuma."

Sikuamini utotoni, na bado siamini, kwamba taa hukasirika. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kurudi nyuma, na Mzee Assumani vilevile. Jioni ile niliwaona wakirudi nyuma wote wawili, mbele ya watu, bila aibu, kwa kisingizio cha balbu. Umeme ungekuwa mzuri, wageni wangeondoka kwa lile neno la mlango, na dada yangu angebaki nyuma ya pazia lake akilia. Alimaliza shule, kisha akaolewa na Saidi, na mpaka leo wako pamoja. Watu wa Kindu wa rika langu wakikutana, hawakosi kuilaani ile mashine mbovu. Mimi huwa nanyamaza.