Masale Chini ya Miiba

Wiki iliyopita, hapa Tunduma ninapoishi kwa sasa, jirani yangu alichoma miiba mibichi aliyoikata nyuma ya nyumba yake. Miiba mibichi haiwaki vizuri. Inatoa moshi mzito, mchungu, wenye kautamu kwa mbali kama sukari inayoungua. Nilikuwa nafua shati. Nililiacha kwenye beseni, nikakaa mlangoni, na kwa muda mrefu sikuwa Tunduma tena. Nilikuwa na miaka tisa, nimesimama kwenye mteremko wa Rombo, na mama yangu ameshika jembe.

Tulitoka Mpanda. Baba alikuwa fundi wa reli kule, akafariki ghafla, na ndugu zake wakaja na gari kumchukua akazikwe kwao. Nafasi yetu kwenye gari hilo haikuwepo, au ndivyo walivyosema. Mimi na mama tukafuata kwa treni hadi Tabora, tukalala stesheni juu ya mizigo, tukapanda treni nyingine hadi Dodoma, kisha basi hadi Moshi, kisha gari la kupanda Mkuu, mji wa Rombo. Siku nne. Mama alibeba kuku kwenye kikapu wa kuwapelekea wafiwa, kana kwamba mfiwa hakuwa yeye. Kuku yule alitaga yai Tabora, na askari wa stesheni akatutania kwamba abiria wetu wameongezeka, tumlipie na huyo nauli. Tulipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshaanza kukauka juu. Watu walikuwa wamerudi kwenye kahawa zao.

Niwaeleze wale wasioijua desturi ya kule. Kwenye shamba la ukoo, liitwalo kihamba, kifungua mimba hupewa sehemu yake, kitinda mimba hurithi nyumba ya baba yake, na wa katikati hujitafutia. Baba alikuwa wa katikati, ndiyo maana akaenda kuitafuta reli. Alichoachiwa ni kipande kwenye ukingo wa korongo, chini ya migomba ya mdogo wake, baba mdogo Prosper. Kipande chenyewe hukioni. Kilikuwa kimefunikwa chote na miiba, ile inayozaa vitunda vyeusi vya kupaka midomo ya watoto rangi ya wino.

"Ndiyo kwenu hapo, shemeji," baba mdogo alimwambia mama. "Ukiishinda hiyo miiba, lima."

Watu walicheka. Mama naye alicheka. Tukapewa chumba kilichokuwa stoo ya kahawa, na kesho yake asubuhi akaomba jembe la kuazima.

Majirani wote walikuwa wameshapambana na miiba ile kwa panga. Unaikata leo, mvua ikinyesha inarudi na wenzake. Mama hakuikata kwanza. Alikaa siku nzima akiiangalia. Akagundua kwamba kila shina refu likiinama mpaka ncha yake ikagusa udongo, ncha ile inatoa mizizi na kuanza maisha yake. "Haya mashina yanatembea kwa kichwa," aliniambia, na nilicheka sana, maana nilidhani ni utani. Basi kazi yetu ikawa hii: mimi natangulia na fimbo ndefu yenye panda, nainua mashina yasiguse chini, yeye anafuata na jembe, anachimba mpaka akifikia kile kichwa cha mzizi, kigumu kama ngumi, anakitoa kizima. Vichwa tulivianika juu ya mawe, mizizi ikitazama jua, wiki mbili, ndipo tukavichoma.

Tulifanya hivyo mwaka mzima. Mikono ya mama ilijaa mikwaruzo mpaka padre alipompa mkono Jumapili alimuuliza kama anafuga paka. Watoto wa pale waliniita Mtoto wa Treni na kunipigia honi nikipita. Lakini taratibu walianza kushuka korongoni kula vitunda kabla havijaisha, wakawa wananisaidia kuinua mashina, na honi zikapungua. Sehemu tuliyosafisha tukapanda maharage. Yalipotoa maua, wanawake walikuwa wanasimama njiani na mizigo yao ya majani ya ng'ombe kichwani, wanatazama.

"Mae! Mama Deo, kumbe hapa pana udongo!" mmoja alisema.

Baba mdogo naye alikuwa anasimama kutazama.

Ilibaki miiba ya upande wa migomba yake. Ndani yake, tulipoisogelea, tuliona mstari wa masale. Masale ni mmea wa majani marefu ambao Wachagga huupanda kuonyesha mpaka, na hakuna anayeugusa. Mama, ambaye kwao ni Ufipa, aliona majani tu. Mimi nilikuwa nimeshaambiwa shuleni.

Siku moja ya gulio mama alikwenda Mkuu kuuza maharage. Baba mdogo akaja akanikuta peke yangu. Alinisifu mikono yangu, akaibonyeza kama anapima ndizi.

"Wewe sasa ndiye mwanaume wa nyumba hii," alisema. "Haya masale yamezeeka, yanafuga miiba. Yang'oe yote. Nitaleta machanga tupande pamoja, mimi na wewe."

"Hapo hapo yalipo?"

"Hapo hapo. Huniamini baba yako?"

Aliniachia mundu wake, ule aliokuwa hamwazimi mtu. Nikang'oa mpaka jua likainama. Mama aliporudi na kuona mstari mzima mweupe, alinishika mashavu yote mawili, akasema nimefanya kazi ya watu wawili.

Siku ya tatu baba mdogo alisimama pale akapiga kelele ukoo mzima ukasikia. Masale ya marehemu baba yake yameng'olewa! Mpaka umechezewa! Kikao kikaitwa Jumamosi.

Usiku wa Ijumaa nilimweleza mama kila kitu, mpaka habari ya mundu. Alikoroga uji mpaka ukaiva. Mwishowe akaniambia, "Usimwambie mtu mwingine." Nikalala nikiwa nimetulia, maana nilijua atawaambia yeye.

Wazee walikaa kwenye benchi mbele ya nyumba. Baba mdogo alisimama karibu na mlango, mikono nyuma. Mkubwa wa ukoo aliuliza nani ameng'oa masale. Nilifungua mdomo. Mama akanikanyaga mguu.

"Nimeng'oa mimi," alisema. "Mimi mgeni, sikujua."

Mzee mmoja alimtazama mama, akanitazama mimi na magamba ya vidonda viganjani mwangu, kisha akaangalia viatu vyake. Hakuna aliyeuliza tena. Baba mdogo akaombwa aonyeshe mpaka ulipokuwa. Akashuka, akavuka maharage yetu, akachomeka kijiti karibu kabisa na korongo. Kilichobaki kwetu hata mbuzi asingegeuka.

Nilimchukia mama siku zile. Nilimwambia angesema ukweli. Alikuwa anafunga mizigo, hakuinua kichwa. "Ungesimama pale ukamwita baba yako mwongo," alisema, "nani angekupokea tena? Mimi kwetu kupo. Wewe siku ukioa, siku ukiugua, siku ukifa, watu wako ni hawa."

Sikumwelewa. Nilikuwa na miaka kumi, nilichojua ni shamba. Nimeanza kuelewa baada ya miaka mingi ya kuhama hama, Kahama, Ifakara, Tunduru, kila mahali nikiulizwa kwetu ni wapi na kujibu mji niliotoka mwezi uliopita. Mama tulimzika Mpanda, tulikorudi. Kutoka Rombo hakuja mtu, kwa sababu sikumwambia mtu.

Siku tunaondoka, baba mdogo alitusindikiza mpaka barabarani. Alibeba begi la mama. Alitupa na mkungu wa ndizi za njiani. Gari lilipotokea kwenye kona, aliweka goti chini karibu na uso wangu, akasubiri, kama mtu mzima anavyosubiri kwa mtoto.

"Mwamkie baba yako," mama alisema.

Neno lenyewe ni moja tu, shikamoo, nililolisema kila siku kwa kila mtu, hata kwa walevi. Nilifunga mdomo.

"Deo," mama alisema tena, polepole. "Mwanangu, mwamkie."

Nilipanda gari bila kugeuka. Kupitia dirishani nilimwona baba mdogo akinyanyuka, akijifuta goti, na sikumwona tena maishani. Mama alipokaa pembeni yangu, nilimwona akilia kwa mara ya kwanza tangu tuondoke Mpanda, analia wazi bila kujifunika, mpaka tunaingia Moshi. Nilidhani analilia shamba.