Mkwe akoroga rojo, mama ajichomea gofre

Saa moja kasoro asubuhi, Birindwa anakuna ganda la chungwa. Bado amevaa fulana ya kazi yenye mistari inayong'aa, na vidole vyake vina baridi ya ghala alikokesha. Anakuna taratibu, rangi ya juu tu, maana ile nyeupe ya chini ni chungu.

Ganda lililokunwa linaingia kwenye bakuli la unga, mayai na maziwa. Anakamua machenza mawili na nusu ya limau. Anamalizia na tufaha alilokatakata vipande vidogo, anakoroga, ananusa, anaridhika.

Halafu anafanya jambo la kushangaza kwa mtu aliyetoka kupika. Anawasha mashine ya kuchomea, anaweka upawa kando ya bakuli, anatoka jikoni na kuvuta pazia la kitenge nyuma yake.

"Mama, kazi yangu imeisha," anasema, mgongo wake ukiwa umeelekea pazia.

Kikohozi kifupi kinamjibu kutoka chumbani. Baada ya muda zinasikika ndala zikiburuzwa sakafuni, kisha mvuke unaanza kulia kwenye mashine. Anayechoma ni mama mkwe wake, M'Nshombo, mwanamke wa miaka sabini na mmoja.

Familia hii inaishi Whitehall, mashariki mwa Columbus, Marekani, kwenye nyumba za kupanga ambazo majirani zake wametoka kila pembe ya dunia. Birindwa, mwenye miaka arobaini na miwili, alizaliwa Bukavu, akapitia kambi ya wakimbizi nchini Uganda, na sasa anapanga masanduku usiku katika ghala la matunda na mboga. Hulipwa dola kumi na tisa kwa saa, na kodi ya nyumba hula karibu nusu ya mshahara wake.

Matunda yaliyochubuka hayauzwi, kwa hiyo wafanyakazi wanaruhusiwa kuondoka nayo. Ndiyo maana jikoni kwake machungwa hayakauki, hata pale nje panapokuwa na theluji ya kufika magotini.

Chakula anachokipika, Wamarekani hukiita waffles. Wao wa Bukavu hukiita gofre, na wanakijua tangu zamani. Kule hukichoma kwa chuma chenye mikono mirefu, juu ya mbabula, jiko la makaa, si kwa mashine ya umeme yenye taa ya kijani.

Birindwa hakujifunza kupika kwa mapenzi. Mkewe, Adolphine, hutoka nyumbani alfajiri kwenda Reynoldsburg, ambako anawatunza wazee majumbani mwao. Asubuhi anabaki baba peke yake na binti yao wa miaka tisa, Séphora, ambaye lazima ale kabla ya basi la shule kupita.

"Mwanzo nilimupatiaka mayai kila siku," anasema Birindwa. "Akachoka. Akaniambia kwa Kingereza, papa, hii tumbo yangu itataga. Bon, nikaenda ku duka ya mitumba, nikapata ile mashine."

Maisha yakaenda hivyo, hata yakazoeleka. Kisha, mwezi wa kumi na moja mwaka jana, akaja mama mkwe.

M'Nshombo alikuwa akiishi Buffalo na mwanawe wa kiume, Murhula. Kiwanda alichokuwa akifanya kazi Murhula kilipopunguza watu, yeye na mkewe walihamia Louisville, wakapata kazi kwenye kiwanda cha majokofu na chumba kimoja cha kuanzia. Mama akabaki Buffalo peke yake, akitembelewa na watu wa kanisa. Adolphine hakulala usingizi mpaka alipomfuata.

"Nilimwambia, kuja uangalie tu," anakumbuka Adolphine. "Kama haupende, nitakurudisha. Kama ningemwambia kuja uishi, asingepanda mu gari."

Alipanda. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Huyu hakungoja kupewa. Siku ya tatu alikuwa amekwisha kunja nguo zote za nyumba hiyo, hata zile ambazo zilikuwa bado hazijakauka sawasawa.

Tatizo lilikuwa mezani. Katika ukoo wake, mama mkwe hali mbele ya mkwe wa kiume, na kula kilichopikwa na mikono ya mkwe huyo ni aibu kubwa zaidi. Wakutanapo njiani, mmoja hupisha. Heshima hiyo inahitaji nafasi, na huko kwao nafasi ilikuwepo: nyumba ya kupikia ilikuwa mbali na nyumba ya kulala, na milango ilikuwa ya kutosha.

Nyumba za Whitehall hazikujengwa na mtu aliyekuwa na mkwe. Jiko limeachwa wazi, ukisimama mlangoni unaona sufuria, kochi na televisheni kwa mpigo mmoja.

Adolphine alijaribu kumwachia mama chakula alfajiri kabla ya kutoka. Kilikuwa kinapoa. Alimshauri akale chumbani, akajibiwa jambo ambalo mpaka leo linamchekesha na kumuuma.

"Alisema, mutu anakula mu chumba ya kulala ni mugonjwa ao mwizi," anasema. "Na yeye haiko hata mumoja."

Kwa kukosa njia nyingine, Birindwa alimwekea gofre mezani kila asubuhi, akaenda zake kulala. Akiamka, sahani ilikuwa tupu.

"Donc miye nikajua mama anakula," anasema. "Nilikuwa hata najisifu."

Hakuwa akila. Kila asubuhi alizifunga zile gofre kwenye kitambaa na kumtilia Séphora kwenye mkoba wa shule. Mtoto alidhani ni mapenzi ya bibi, na kwa kweli yalikuwa mapenzi. Bibi mwenyewe alikunywa chai kavu, akameza vidonge vyake vya asubuhi ambavyo daktari alisema visimezwe tumbo likiwa tupu, akakaa kimya mpaka binti yake arudi mchana.

Hali hiyo ilidumu hadi siku aliyoanguka bafuni.

Hakuvunjika mfupa, lakini kliniki walipompima walikuta amepungua sana. Muuguzi aliwaeleza wazi: mzee huyu hawezi kuendelea kushinda na njaa kila asubuhi. Kama nyumbani hakuna wa kuhakikisha amekula, ni afadhali watafute makao ya wazee.

Adolphine anaposimulia hapo anatazama mikono yake. "Kazi yangu ni kulisha bamama ya bantu. Naweka kijiko mu kinywa, nawapanguza. Na mama yangu iko na njaa ku nyumba yangu. Nililia mu gari mpaka nikachelewa kazi."

M'Nshombo naye alikuwa na jibu lake, fupi na bila hasira. Alitaka arudishwe Buffalo. Kule, alisema, alikuwa peke yake lakini alikuwa anakula.

Birindwa anakiri kwamba maneno hayo yalimchoma. Mama yake mzazi alifariki akiwa kambini, hakumzika. Aliposikia M'Nshombo anakuja, alifurahi kuliko alivyomwonyesha mtu yeyote. Sasa mama wa pili alikuwa anaondoka, na sababu ilikuwa ni yeye, kwa kuwapo tu nyumbani kwake.

"Nilifikiri nikae kwingine asubuhi, nilale mu gari," anasema. "Lakini ni baridi. Na Séphora je?"

Wiki hiyo hiyo, usingizi ukawasaidia. Séphora alikuwa amekwisha panda basi. Birindwa alikuwa amebakiza rojo ya kutosha kwenye bakuli na mashine bado ina moto. Aliingia chumbani kuvua viatu, akaketi kitandani, na hapo hapo usingizi ukamchukua, kiatu kimoja mguuni.

Alipozinduka, nyumba ilikuwa inanukia chungwa. Alitoka mbio akidhani mashine inaungua. Bakuli lilikuwa limeoshwa. Mashine ilikuwa imepanguswa mpaka inang'aa. Na M'Nshombo alikuwa ameketi kwenye kochi, akitazama dirishani kama mtu asiyejua lolote, punje ya sukari imemnata kidevuni.

Birindwa alimpigia mkewe simu kazini akiwa amejifungia bafuni. "Amekula," alimwambia kwa kunong'ona. "Nakuapia, amekula."

Jambo ambalo Birindwa hakulijua ni kwamba M'Nshombo aliwahi kuuza gofre kwa miaka mingi kwenye lango la shule moja ya masista pale Bukavu. Kuiona rojo imekaa inaharibika kulimshinda. Na zaidi ya hapo, rojo si chakula. Ni unga na maziwa, hakuna mila inayoikataza.

"Miye sikukula chakula ya mukwe," anaeleza mwenyewe kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi. "Nilijichomea yangu. Ule anachoma njo mupishi. Kukoroga, hata mashine inakoroga."

Kesho yake Birindwa alitundika kitenge kati ya jiko na sebule. Tangu siku hiyo utaratibu ni huo: mkwe anakoroga na kuondoka, mama anatoka kwa upande wa korido, anachoma, anakula kwa nafasi yake, anameza dawa. Muuguzi aliyempima mwezi uliopita alimkuta ameongezeka uzito, na habari ya makao ya wazee haijatajwa tena.

Pazia hilo limezuia macho, halikuzuia maneno. Wiki ya kwanza M'Nshombo alimtuma Séphora kumwambia baba yake kwamba rojo yake ni nzito kama ya kujengea nyumba. Wiki iliyofuata hakumtuma mtu. Alisema mwenyewe, kupitia kitenge, kwamba ute wa mayai upigwe peke yake mpaka usimame, ndipo uingizwe kwa upole. Birindwa alitii. Gofre zikawa nyepesi, zikaliwa haraka kuliko awali.

Mfamasia naye aliongeza sharti lake. Balungi, ambalo ghalani hupatikana kwa wingi, halipatani na mojawapo ya vidonge vya mama. Kwa hiyo balungi haliingii jikoni humo, hata likiwa zuri namna gani. Birindwa huwaachia wenzake.

Kuna majirani wanaocheka. Mmoja alimuuliza kwa nini asimwambie mama aachane na mambo ya zamani, hii ni Amerika. Wazee wetu walisema heshima si utumwa, na Birindwa analiishi neno hilo bila kulitaja.

"Aliacha Bukavu, akaacha Buffalo, aliacha kila kitu," anasema. "Hii kitu moja amebakia nayo, miye nimunyanganye?"

Na mama, anapoulizwa kama utaratibu huu haumchoshi, anajibu taratibu huku mashine ikilia. "Bantu banasema namukimbia. Hapana. Yeye njo alichukua mutoto yangu akamutunza vizuri. Mutu kama ule, hautafune mbele yake."

Lengo la Birindwa sasa ni nyumba ya kununua. Yeye na Adolphine wameweka akiba kwa miaka mitatu, na wanatarajia kufikia malipo ya kwanza ifikapo kiangazi. Wamezunguka Whitehall na Reynoldsburg na dalali wao, na kila wanapoingia, Birindwa anauliza swali moja: jiko lina mlango?

Dalali amechoka. Amemweleza kwamba watu wa hapa hulipa pesa kuvunja kuta za jikoni, na kwamba katika wateja wake wote, huyu ni wa kwanza kutaka ukuta urudishwe.

"Nitaujenga mwenyewe," anasema Birindwa akiwa kwenye kochi, sasa amevua fulana ya kazi. "Ukuta, na mulango muzuri wa mbao. Mama akule akijisikia yuko kwake. Njo hiyo tu natafuta."

Upande wa pili wa pazia, mlio wa mvuke unakoma. Kifuniko cha mashine kinafunguliwa.

"Papa Séphora."

"Ndiyo, mama."

"Mulango ni ya nini? Ni pesa ya bure. Mutafute nyumba yenye meza kubwa. Hii yenu inaenea bantu batatu, na sisi tuko bane."

Birindwa anainamisha kichwa. Anajifuta macho kwa mkono ambao bado una unga, wala hajali kwamba mwandishi anamwangalia.

"Nimesikia, mama," anajibu. "Meza ya bantu bane."

"Ya sita," inasema sauti ya M'Nshombo. "Murhula na muke yake bakikuja Pasaka, batakulia wapi?"