Magunia Manne ya Baba

Sisi tuliosoma Mbinga wakati magari ya wanunuzi binafsi yalipoanza kupanda milimani kufuata kahawa, tunajuana kwa mambo madogo. Tunajuana kwa sweta za mitumba tulizovuta mikono mpaka ikafunika vidole, asubuhi za mwezi wa sita, ukungu umelala barabarani na meno yanagongana. Tunajuana kwa dumu la maji mkononi na jembe begani, maana Jumatatu ilikuwa siku ya shamba la shule. Tunajuana kwa rede tuliyocheza na mpira wa soksi mpaka mama aite mara ya tatu, na ile ya tatu haikuwa na mzaha. Na kama ulikuwa kidato cha pili mwaka mmoja na mimi, basi unamkumbuka Madam Gharama.

Jina lake halisi tulilijua ila hatukulitumia, labda mbele yake tu. Alitoka Songea, mdogo wa umri, mwembamba, kiatu kimoja fundi amekishona kwa uzi mweupe na kingine kwa uzi mweusi. Alikuja kutufundisha Biashara. Kitabu kilikuwa cha Kiingereza, na Kiingereza chetu kilitosha kuombea ruhusa ya kwenda chooni. Wiki ya kwanza alisoma, sisi tukanakili, hakuna aliyeambulia kitu. Wiki ya pili akakifunga kitabu, akakiweka dirishani, akatuuliza kwa Kiswahili:

"Kwenu hela huja lini?"

Sisi wa milimani tukajibu kwa pamoja, "Msimu wa kahawa, Madam."

Ilikuwa kweli. Mara moja kwa mwaka, zote kwa mkupuo. Mwezi wa nane utaona mzee kanunua redio kubwa kama mbuzi, soda kwa kreti, suruali inayoburuta chini. Ikifika mwezi wa pili nyumba ileile inachemsha majani ya maboga bila mafuta, na redio haina betri. Wenzetu wa ziwani, upande wa Nyasa, wakacheka sana.

"Na ninyi wa ziwani?"

Akasimama Festo, kijana wa Lituhi aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake pale mjini ili asome. "Kila asubuhi, Madam, mtumbwi ukirudi."

"Na jioni?"

"Jioni inakuwa imekwisha."

Zamu yetu ya kucheka. Yeye hakucheka. "Mnachekana bure. Huyu anakula mwaka wake kwa mwezi mmoja, na yule hana habari na kesho. Kaeni wawili wawili, mmoja wa milimani, mmoja wa ziwani. Mtafanya biashara ya kweli mpaka likizo. Na kila mtakachoniambia, nitawauliza gharama iko wapi."

Hapo ndipo jina lilipozaliwa. Mimi nikaangukia kwa Festo.

Niseme ukweli, nilifurahi kupita kiasi. Nilikuwa mtoto wa ndoto. Kila daftari langu ukurasa wa nyuma lilikuwa na mchoro wa duka lenye dirisha la kioo na juu yake jina langu, Leokadia, kwa herufi za kukunjakunja. Baba akiona alikuwa anasema, "Duka zuri. Linauza nini?" Nilikuwa sijafika huko.

Sasa nilijua linauza nini: usipa, wale dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Mama yake Festo alikuwa anawaanika ufukweni Lituhi, na alikubali kututumia mzigo kwa lori lililokuwa likileta muhogo, tumlipe tukishauza. Alitaka kitu kimoja tu, vyombo vya kubebea. Festo akaniangalia, na mimi nikasema, kwa sauti ya mwenye duka, "Hilo niachie."

Baba alikuwa na magunia sita ya katani. Kila msimu ukiisha aliyafua mtoni kwa maji matupu, akayaanika siku mbili, akayakunja taratibu kama padri anavyokunja vitambaa vya altare, kisha akayaning'iniza stoo kwenye waya, mbali na panya na mbali na moshi. Hakuna aliyeruhusiwa kuyakalia. Nikachomoa manne ya nyuma, nikaacha mawili ya mbele, ukichungulia mlangoni hujui. Sikuona kwamba naiba. Vilikuwa vitu vya nyumbani. Kiti cha nyumbani ukikalia unalipa?

Biashara ilikubali. Jumamosi tulikaa sokoni na kopo letu la kupimia, Festo akiita wateja, mimi nikishika hela. Kuna mama mmoja muuza maharage hakutuacha na amani.

"Mtoto wa Kimatengo wa milimani anauza samaki. Ziwa limehamia huku?"

"Limekuja kukusalimia, mama," Festo akamjibu. "Shikamoo inatoka Lituhi."

"Marahaba. Basi ongeza na nyongeza inayotoka Lituhi."

Alipata nyongeza, akanunua kila Jumamosi. Likizo ilipokaribia tukapeleka daftari kwa Madam. Tuliandika yote: usipa, nauli ya lori, ushuru wa soko, hata kopo. Tulikuwa wa kwanza darasani, tumewaacha mbali wauza karanga na wale waliofuga kuku wakafa. Madam alipitisha kidole mstari kwa mstari, akasimama.

"Magunia?"

"Ya nyumbani, Madam."

"Bei?"

"Bure."

"Bure," akarudia. Kengele ikagonga. Akatutilia vema, na pembeni ya lile neno akaweka alama ndogo ya kuuliza kwa kalamu nyekundu. Mimi niliona ile vema tu.

Nikayafua magunia yale kwa sabuni ya kipande, nikayasugua mpaka vidole vikachubuka, nikayaanika, nikayanusa. Hayakunuka kitu. Kumbe pua yangu ilikuwa imekaa na usipa miezi miwili, imeshazoea.

Mwezi wa saba tukachuma. Mnakumbuka siku za kuchuma, kikapu kiunoni, vidole vinanata utomvu mtamu wa kahawa mbivu, togwa ya mama inakuja shambani kwenye kibuyu. Tulimenya kwa mashine ya mkono ya jirani, tukaosha, tukaanika chanjani, tukapakia. Magunia sita, yote yalijaa. Baba akayagonga moja moja kwa kiganja akiyataja kazi zake: hili la mbolea, haya mawili ya bati za jikoni, haya mawili ada ya kidato cha tatu, hili la madaftari ya mdogo wako. Hakupenda kusema sana, lakini siku ile alisema.

Mnunuzi akaja na pikapu mpaka uani. Kijana mwenye kapelo. Majirani wakakusanyika, maana mwaka ule kupimiwa kahawa mlangoni kwako kulikuwa bado kama sherehe. Wazazi wetu walikuwa wamezoea chama cha ushirika na foleni. Kijana akapima mawili ya kwanza, safi. Akafungua la tatu, akachota kiganja, akapuliza, akanusa. Akanusa tena. Akamwita mwenzake aliyekuwa kwenye mizani.

"Hebu na wewe."

Yule naye akanusa, akageuza uso.

"Mzee, kahawa hii umeiweka wapi?"

"Stoo."

"Na nani humo stoo? Inanuka usipa. Nikiipeleka wataniuliza kama ni kinywaji au kitoweo."

Watu wakacheka. Jirani mmoja akasema mzee siku hizi anavua kahawa kwa nyavu. Kijana akafungua na yale mengine, yote yalikuwa hivyo hivyo, akasema manne hayo atachukua kwa nusu ya bei. Baba akainama akaingiza uso mzima ndani ya gunia. Alipoinuka alinitazama, na hakunitazama kwa kuwa amejua. Alinitazama kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kulia.

"Ni nani aliyeyachukua?"

"Mimi, Baba. Lakini niliyafua. Kwa sabuni."

"Kwa sabuni," akasema polepole, kama mtu anayeongezewa mzigo, maana kahawa hunyonya kila harufu, hata ya sabuni. Akamwambia kijana achukue mawili, manne ayaache.

Hakunichapa. Angenichapa ningelala. Alikaa kwenye kigoda mpaka ugali wake ukapoa, halafu akasema, bila hasira, kama anajielezea mwenyewe, "Kwa hiyo ile faida iliyokufanya uwe wa kwanza ilikuwa yangu."

Shule ilipofunguliwa nikamwambia Madam yote. Alichukua daftari langu, akafunua mpaka kwenye ile alama nyekundu, akaikazia macho. Jumamosi akaja kwetu kwa miguu pamoja na Festo. Festo alikuwa ameshika leso yenye fundo, fungu lake lote la faida.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, Mwalimu. Karibu. Hapa panapofaa kukaa ni pale ambapo upepo hautoki stoo."

Madam alitaka kutabasamu, akashindwa. "Nimekuja kuomba msamaha. Wewe umepata hasara, lakini kosa nililiona mimi kwenye daftari kabla halijafika kwako. Niliweka alama, nikafikiri nitauliza siku nyingine."

Baba alipokea leso ya Festo, akaipima uzito mkononi, akamrudishia. "Mpe mama yako. Yeye hajagusa gunia langu." Akanigeukia akanyoosha mkono, nikampa za kwangu. Hizo akazitia mfukoni. "Hizi nachukua. Ni kodi ya magunia."

Halafu akasema kitu ambacho sikukitegemea kwa mtu aliyeishia darasa la nne. "Sasa, Mwalimu, nionyeshe na mimi hesabu hiyo. Nimelima kahawa tangu sijaoa, sijawahi kuiona kwenye karatasi."

Madam akafungua ukurasa mpya. Mbolea, dawa, mashine ya jirani, magunia. Baba alikuwa anataja, Madam anaandika, mimi na Festo tunachungulia. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anapukuchua maharage, kimya, kama hayupo. Tulipofika mwisho, Madam akataka kupiga mstari wa kujumlisha, mama akauliza bila kuinua kichwa:

"Na aliyechuma ni nani?"

"Si ni wewe," baba akasema.

"Na aliyepalilia?"

"Wewe."

"Bei yangu mmeandika wapi?"

"Ah, Mama Leokadia. Wewe ni wa nyumb..."

Hakumaliza. Akageuka akatazama mlango wa stoo. Sote tukautazama. Kisha baba akaanza kucheka, na baba yangu kucheka ilikuwa habari ya mara moja kwa mwaka kama hela ya kahawa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka, mama naye akashindwa, maharage yakamwagika.

"Mwalimu, andika," akasema akijifuta macho.

"Niandike ngapi, mzee?"

Baba akafikiri. Akamtazama mama, akatazama mlimani kwenye ngoro alizochimba mama msimu ule, yale mashimo yetu ya kulimia yaliyojipanga kama sega la nyuki mpaka juu kabisa. "Acha nafasi," akasema.

Kahawa ile tuliitandaza upya chanjani, tukaigeuza kwenye upepo na jua zaidi ya wiki mbili. Harufu ilipungua, haikwisha. Mnunuzi mwingine akaichukua, si kwa nusu, si kwa bei nzima. Bati zikasubiri. Ada ililipwa kwa mafungu, nami mwanzoni mwa kidato cha tatu nilikaa nyumbani wiki mbili nikiyafua yale magunia kwa maji matupu kila siku, mpaka baba akaleta fungu la pili. Nilimaliza kidato cha nne, nikaishia hapo, na sina kinyongo. Ila kuanzia mwaka ule, kila kahawa ilipouzwa baba hakupitia kwenye soda. Alikuja moja kwa moja, akaweka hela mezani, akamwuliza mama, "Ile nafasi yako tuandike nini mwaka huu?" Na mama aliandikiwa. Cherehani iliyotuvisha sisi sote ilitoka kwenye nafasi ile.

Sasa nina kiduka Mbinga. Dirisha la kioo bado, lakini mchoro ninao. Baba ametangulia. Vijana wa leo wana raha zao: hela inaingia kwenye simu hata jasho halijakauka, wanajua bei ya kahawa ya dunia nzima, ila ukimtuma mmoja akuoshee gunia anakuuliza gunia ni nini, maana kahawa yenyewe siku hizi wanaitia kwenye viroba vya plastiki. Binti wa mdogo wangu anakaa na mama yangu, yuko kidato cha pili, naye anasoma Biashara. Anagandisha barafu za ubuyu na kuwauzia wenzake. Juzi nilikwenda kuwasalimia, akanionyesha hesabu kwenye simu, nadhifu, yenye rangi, inajijumlisha yenyewe.

"Mamkubwa, ona faida."

Nikaona. Ubuyu, sukari, mifuko.

"Friji ya nani?"

"Ya bibi."

"Na umeme?"

"Wa hapa hapa nyumbani." Akanitazama kama vile mimi ndiye niliyeachwa na wakati. Nilijiona nimeshika kalamu nyekundu na kengele inagonga.

Mama alikuwa mlangoni, macho hayaoni vizuri siku hizi lakini masikio yapo. "Mjukuu wangu," akasema, "hapo chini acha nafasi."

"Ya nini, Bibi?"

"Weka hiyo simu, ukae. Nikusimulie habari ya babu yako na usipa."

Duka nilikuwa nimelifunga kwa nusu saa tu, na wateja wa jioni hawasubiri. Nikavuta kigoda cha baba nikakaa na mimi, nione kama mama akifika pale kofia ilipoanguka, nitakisikia tena kile kicheko.