Siku Baba Alipolia

Paa! Paa! Mlio wa vitoa machozi mjini Eldoret bado ninao masikioni. Juzi tu nimewaona vijana wakiandamana, macho mekundu, nikaukumbuka.

Enzi za chama kimoja, mimi Akinyi nikiwa mtoto, Baba alirudi mbio kutoka kwenye maandamano ya kudai vyama vingi, shati likinuka kama pilipili, machozi yakimtiririka. Mama akafunga mlango na dirisha.

"Baba Akinyi, si nilikukataza?"

"Nyamaza! Wako kwa jirani."

Kweli, askari walikuwa wakipiga kelele pale, "Mwenye macho mekundu atoke!"

Hatukuwa na mlango wa nyuma. Mimi nilidhani kosa ni kulia. Nikaona Baba asikamatwe na askari peke yake. Nikachukua kitunguu jikoni, nikakikata, nikajipaka machoni.