Mkeka wa Bibi Harusi wa Gungu na Kofia Niliyoishona Mwenyewe

Admin, naomba unifichie jina na usiweke picha yoyote, maana Ujiji ni ndogo na mikeka yangu inajulikana. Majina ya humu nimeyabadilisha.

Mimi ni mama wa miaka ishirini na tano, naishi Buzebazeba. Nina binti mmoja, bado ananyonya, na usingizi nyumbani kwangu ni wa kubahatisha. Shule niliishia darasa la saba, mtanisamehe maandishi. Mume wangu, nimwite Hamisi, anafuata dagaa vijiji vya kando ya ziwa anakuja kuuza mjini. Akikosekana nyumbani siku mbili tatu siulizi, ndiyo kazi yake.

Mimi nasuka mikeka ya ukindu ya maharusi, ile yenye jina la bibi na bwana harusi katikati. Nachemsha rangi mwenyewe, nasuka ukili, zile tepe ndefu za mkeka, mtoto akiwa mgongoni, akilala ndiyo naunganisha.

Wiki iliyopita alikuja binti kutoka Gungu, Zuhura, na shangazi yake. Binti mpole, ana shikamoo mdomoni muda wote, hadi mimi nikamwambia, "Shikamoo za nini, mdogo wangu, hatujapishana sana." Nikamuuliza kwa nini asinunue wa plastiki, rahisi kufua. Akasema, "Dada fundi, wa plastiki kila nyumba upo. Mimi nataka kitu ambacho mtu amekaa chini akaniwazia." Jamani, kwa uchovu niliokuwa nao, maneno hayo yalinipa nguvu. Akasema niandike Zuhura na Hamisi. Sikushtuka. Ujiji hii ukiita Hamisi barabarani wanageuka nusu ya watu.

Shangazi mtu akaanza maneno yake. "Bwana harusi alishawahi kuoa huyo. Mke karudishwa kwao Kasulu. Mvivu! Mume anarudi kachoka, yeye kalala na mtoto ubavuni, hata kifungo cha shati hajui kushona."

Mimi kwetu ni Kasulu. Nikasema kwa utani, "Shangazi, usitutie wote kapu moja, wengine ndio hawa tunakusukia mkeka!" Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nikaongeza kwa mdomo wangu huu, "Lakini wapo wa hivyo kweli. Wakiachwa ndiyo wanakumbuka kulia." Shangazi akanipiga bega, "Umesema, mwanangu!"

Ndipo Zuhura akatoa kitu kwenye mkoba, kimefungwa kwenye kitambaa safi. "Dada, pembeni mwa mkeka nataka nakshi kama hii. Ni kofia yake. Alishonewa na marehemu bibi yake."

Ilikuwa kofia niliyomshonea Hamisi nikiwa na mimba ya huyu mtoto. Uzi wa kahawia uliniishia karibu na mwisho, nikamalizia na uzi wa rangi ya hina. Hamisi aliniambia upepo uliibeba ikaanguka ziwani, nikampa pole, nikamwambia nitamshonea nyingine. Zuhura akaniwekea kidole palepale. "Ona hapa rangi inavyobadilika. Bibi wa watu alikuwa na mapenzi. Na wewe nibadilishie hivihivi."

Ndugu zangu, ningesemaje? Kwamba huyo mvivu mliyemcheka, na mimi nikamcheka, ndiye mimi? Nikawaambia mkeka utakuwa tayari, nikamwambia binti hongera. Walipoondoka nilijifungia ndani na mtoto, nikawa najiona kama niko uchi.

Hamisi aliporudi, mkeka ulikuwa umetandikwa sebuleni, majina yameshatokea. Akausoma amesimama. Akauliza, "Huyu Hamisi ni nani?" Nikamjibu, "Mahamisi wapo wengi. Bibi harusi ni wa Gungu." Akavua viatu, akazunguka pembeni asiukanyage, akaenda kuoga. Asubuhi akaniambia kwa sauti ya huruma, "Mama Nuru, hizi kazi za watu wa Gungu uziache, unachoka sana." Nikaendelea kuunganisha ukili.

Dini yetu inamruhusu kuongeza mke, hilo sibishani nalo. Angeniambia ningelia, halafu ningekaa chini tuzungumze. Lakini kanifanya mwanamke aliyerudishwa kwao, na mimi hapa ndiye nampikia na kumfulia. Mume nitamalizana naye mwenyewe, kwa heshima na mbele ya wazee. Hilo siombi ushauri.

Ninayemuombea ushauri ni huyu binti. Ndoa ni Ijumaa. Kila siku ananipigia, si kuuliza mkeka, ananiuliza mtoto kaamkaje. Jana kaniambia anamfumia kofia ya sufu kwa sababu asubuhi kuna baridi. Hajui anamfumia mtoto wa bwana harusi wake. Nikinyamaza, ataingia kwenye ndoa ya uongo akiwa amekaa juu ya kazi ya mikono yangu. Nikimwambia, najua Gungu na Ujiji nzima watasema fundi ana wivu, kamharibia mwenzake harusi. Na itabidi nimtazame usoni nikubali kwamba nilikaa naye nikamsengenya mke mwenza wake, kumbe najisengenya mwenyewe.

Mkeka umeisha, umebaki kukunjwa. Ninyi mngeanzaje kumwambia, na mngemwambia yeye au shangazi yake? Tafadhali msinitukane, aibu niliyonayo inanitosha. Nipeni maneno tu, kesho anakuja kuuchukua.