Ndoo Nne za Kitoweo

Nyevu anakaanga samaki Makadara mwaka wa ishirini na nne sasa. Kila asubuhi hushuka dikoni kwetu, vyombo vinaposhusha samaki Mji wa Kale, na karai lake, akachagua samaki mmoja mmoja kwa kufunua matamvua. Akikuta samaki wa jana humrudisha kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeshika soksi ya mgonjwa.

Mimi ni karani wa diko. Naandika jina la samaki, uzito na chombo kilichomleta. Zamani ukurasa haukutosha aina za siku moja. Mwaka huu najaza mistari sita, basi.

Kitoweo pekee sikuwahi kukiandika. Kwa desturi yetu, wavuvi hutoa kwanza cha kwenda kula na watu wao, na hicho hakipandi mizani. Ni aibu kupima chakula cha watoto wa mwenzako.

Jumanne ile nahodha Hadi alishusha ndoo nne zilizofunikwa gunia. Alhamisi afisa wa uvuvi angekuja kusoma daftari langu, aamue kama nyavu za macho madogo zizuiwe hapa.

"Kitoweo, karani," Hadi akaniambia, akitazama pembeni.

Nyevu akalivuta gunia. Heri asingelivuta. Tafi wa urefu wa kidole, changu, pono wasiopata hata rangi, wamepondana, matumbo yamepasuka, ute wa kijivu umewagandisha pamoja. Mate yalinijaa mdomoni, nikayatema.

"Watu sita chomboni, ndoo nne! Kwenu mwafuga papa, Bwana Hadi?"

Wachuuzi wakacheka.

"Mama, wewe kaanga. Ya daftari hayakuhusu."

"Nikaange nini? Hawa hata miba haijakomaa. Leo mwavua vitukuu, mwakani mtaniuzia mawe?" Akabeba ndoo ya kwanza mwenyewe, akaipachika kwenye mizani. "Andika, karani. Ama nawe wala humu?"

Sikuwa nikila humo. Lakini ndoo kama hizo nilikuwa nimeziona tangu Ramadhani, nikageuza uso na kuiita heshima. Kinyaa kilinihamia mimi mwenyewe.

Tulipopima zote nne nikaandika: kitoweo, kilo arobaini na tatu. Kisha nikachuchumaa nikachambua ute ule kwa mikono, jina kwa jina. Aina kumi na saba. Mwaka mzima sikuwa nimeandika ukurasa wenye samaki wa namna nyingi hivyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kutaga.

Siku hiyo Hadi alikataza chombo chochote kumuuzia Nyevu, na wavuvi wakamtii.

"Umeandika yote?" Nyevu akaniuliza akiondoka.

"Yote, mama."

Akapanda ngazi kuelekea Makadara, karai tupu kichwani. Nilinawa kwa sabuni, kwa ndimu, kwa jivu. Alhamisi, afisa alipofungua ukurasa ule, daftari lilikuwa bado linanuka. Akajiziba pua, akasoma.