Chini ya Kitanda cha Wazazi

Mimi ndiye katibu wa jumuiya yetu, na daftari la mahudhurio nalishika mwenyewe. Mbele ya jina la Emerensiana nilikuwa nimeandika "hayupo" Jumamosi tisa mfululizo, kwa kalamu nyekundu. Hakuna aliyeniagiza kutumia nyekundu. Nilipenda mwenyewe.

Kijiji chetu kiko vilimani, ndani kutoka Tingi. Wakatoliki tuko wachache, Waislamu ndio wengi, na kila Jumamosi saa moja asubuhi sisi wachache tunasali nyumba kwa nyumba. Asiyesali na jumuiya hapati barua ya mwenyekiti. Bila barua hakuna ubatizo, hakuna ndoa, na ukifa unazikwa kimya kimya bila padre.

Emerensiana aliihitaji barua hiyo. Binti yake, Monika, alikuwa na mtoto mchanga wa kubatizwa, na padre alikuwa anakuja wiki mbili zijazo. Baada ya hapo mvua zingeifunga njia, na kumwona tena ingekuwa mpaka masika yaishe.

Lakini Emerensiana ni mfanya usafi wa zahanati, na Jumamosi hatoki kule. Kwenye kikao nilisema mbele ya watu kwamba mwenzetu ndoo anaiona bora kuliko rozari. Watu walicheka, na niseme ukweli, nilifurahi walipocheka. Mzee Nikodemu, mwenyekiti wetu, hakucheka. Aliniambia niende Jumamosi nikamwone mwenyewe, kamati iamue Jumapili.

Nilikwenda na mpango wangu. Tungesali fungu moja tu la rozari palepale, ningemwandika amehudhuria, na mambo yangeisha. Nilimkuta amepiga magoti kwenye chumba cha kujifungulia, kitambaa mkononi, godoro moja liko nje juani. Bomba lilikuwa kavu kama kawaida, kwa hiyo alikuwa ameshateka ndoo nane kisimani kabla foleni haijaanza.

"Tumsifu Yesu Kristo, Mama Monika."

"Milele amina, Mama Edwin. Hebu shika upande huo."

Nikashika. Tukatoa kitanda nje, kizito kweli, na gauni langu la sala likapata kutu. Nilimuuliza kwa nini kazi hiyo asiifanye Jumatatu. Akanieleza kwamba siku za wiki kuna kliniki ya watoto, akina mama wanajaa hadi mlangoni, na Jumamosi ndiyo siku pekee vitanda vinapoweza kutolewa nje. Nikamuuliza kuna haja gani ya kuvitoa. Fagio linafika chini, na chini ya kitanda anaangalia nani?

Alikamua kitambaa chake kwanza. Kisha akanisimulia jambo ambalo, katika miaka kumi na minne ya ujirani wetu, sikuwahi kulisikia. Mtoto wake wa kwanza alimzaa mbali na hapa, akiwa msichana wa miaka kumi na tisa. Uchungu ulipomgeuza ubavu, macho yake yaliangukia mguu wa kitanda cha jirani. Palikuwa na damu ya mtu mwingine, imekauka, na sisimizi wanaipita.

"Nikajua kwamba pale hakuna aliyekuwa akinisubiri," alisema.

Mtoto aliishi siku moja. Padre alikuwa mbali, kwa hiyo mtoto hakubatizwa.

"Sisemi damu ile ndiyo iliyomuua. Nasema tu kwamba ndicho nilichokuwa nakitazama wakati anakuja. Hawa wanaokuja hapa wasikitazame hicho."

Akarudi kusugua. Rozari ilikuwa mfukoni mwangu na sikuthubutu kuitoa. Nilichukua ndoo nikaenda kisimani, nikarudi, nikaenda tena, kiuno kikinilaani. Sala zangu zote za mwaka ule hazikuwa zimenigharimu hata safari moja ya maji.

Saa nne hivi pikipiki ikafika na mama aliyeshikwa na uchungu, Salima, kutoka mashamba ya ng'ambo, mama mkwe wake akimshikilia kwa nyuma. Nesi akasema kitanda kinahitajika sasa hivi. Sakafu bado ilikuwa imelowa. Emerensiana alivua kanga yake ya juu, akapiga magoti, akakausha sakafu kwa kanga hiyo mpaka pembeni kabisa, kisha tukaingiza kitanda.

Salima akapanda. Uchungu ulipokaza akajigeuza ubavu, na macho yake yakateremka hadi kwenye mguu wa kitanda cha pili. Nilitazama alipotazama. Hapakuwa na kitu, ila sakafu safi. Aliitazama muda mrefu, akivuta pumzi, na mimi niliona aibu ambayo sijawahi kuipata hata kwenye kitubio.

Mkwe mtu akamwambia Emerensiana, "Mwenyezi Mungu akujazie kheri, mama." Akaitikia amina, akatoka kwenda kuifua kanga. Mtoto wa kike alilia kabla ya adhuhuri.

Jumapili baada ya ibada kamati ikakaa. Wale waliocheka walikuwepo wote. Mmoja wao alisema utaratibu ni utaratibu, tukimlegezea huyu kesho kila mtu atakuja na kibarua chake, na hakuna aliyembishia. Mzee Nikodemu akanigeukia.

"Katibu, jana Emerensiana alisali?"

Walinitazama wakingoja nifungue daftari. Sikulifungua.

"Alisali," nikasema. "Alianza sisi tukiwa bado tumelala. Mimi ndiye niliyechelewa kufika."

Hakuna aliyecheka. Mzee Nikodemu akaniuliza mtoto wa Monika anaitwa nani, ili barua iandikwe.